Punje Zilizochoka

Maji ya kwanza ya kuoshea punje aliyaweka kwenye chupa ndogo, akayatia kwenye jokofu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu kabla hajajua kama kitamfaa. Ya pili aliyanusa, akayamwaga. Haya ya sasa aliyainua kwenye glasi mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akaona bado yana ukungu kidogo. Akayamwaga nayo, akachota mengine kwenye ndoo ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, akalizungusha bakuli tena.

Punje zilizunguka ndani ya bakuli bila kelele. Zilikuwa ndogo, za mviringo, laini kama jicho la samaki, na rangi yake ilikuwa manjano iliyofifia. Mgongo wa mwanamke aliyelishika bakuli ulikuwa umekufa ganzi kuanzia kiunoni. Mtu angemuuliza ni saa ngapi, angejibu kwamba ni asubuhi, na zaidi ya hapo asingeweza kuapa.

"Nikikutazama ukizungusha hilo bakuli naona kizunguzungu mimi," alisema kaka yake, ambaye alikuwa amepiga goti kwenye kona, akipima ukuta kwa futi ya chuma. "Sogeza mguu."

Akasogeza mguu.

"Jokofu la mtindi litaingia hapa vizuri tu," Kaka akasema. "Hata la milango miwili."

"Ulisema utasubiri mpaka kesho."

"Nasubiri. Kupima ukuta ni kosa?"

Aliinua glasi tena. Safari hii maji yalikuwa meupe kabisa.

Kiwanda kilikuwa kidogo, kile ambacho baba yao alikianzisha na kukiacha: ukumbi wa mbele wenye tangi la kupashia maziwa moto, mashine ya kufungia pakiti ambayo ilipiga kelele kama inadai haki yake, chumba cha kuoshea madebe, na hiki chumba cha nyuma chenye dirisha moja na sinki lililopasuka ukingoni. Kaka ndiye aliyekiendesha. Shangazi yao, dada wa marehemu baba, ndiye aliyekuwa mkuu wa usafi tangu siku ya kwanza. Na yeye, ambaye kwa miaka alikuwa amesimama kwenye mashine ya pakiti, alikuwa amehamia chumba cha nyuma polepole, leo na chupa, kesho na kitabu, mpaka siku moja watu wakazoea kumkuta huko. Wafungaji pakiti walimwita Bi Matone, kwa sababu kila walipochungulia walimkuta anadondosha kitu tone kwa tone.

Kazi yake ilikuwa maziwa ya watu ambao maziwa huwasumbua. Wako wengi kuliko inavyodhaniwa. Wakinywa glasi moja, tumbo linanguruma, linajaa, na mengine hayasemwi mbele ya wageni. Kinachowasumbua ni sukari iliyomo kwenye maziwa, na dawa yake ni kimeng'enya, kitu kisichoonekana kwa macho, ambacho huikata sukari hiyo vipande viwili ili tumbo lisihangaike nayo. Walikinunua kikiwa maji maji kwenye chupa. Walikimimina kwenye maziwa, kikafanya kazi yake, na kikaenda zake na maziwa hayo hayo. Kesho yake ilibidi kumimina kingine. Tena kilikuwa dhaifu: ukikisahau mezani kinakufa, umeme ukikatika kinakufa, joto likizidi kidogo kinajikunjua na kupoteza umbo lake, na kikishapoteza umbo hakikati tena kitu.

Alikuwa amesoma mahali kwamba kimeng'enya kinaweza kufungwa. Ukikishika kwenye kitu kigumu, na ukakishika sehemu nyingi, kinakuwa kama hema lililopigiwa vigingi pande zote. Upepo ukija linatikisika lakini halibebwi. Maziwa yanapita, yanakatwa sukari yake, yanakwenda, na kimeng'enya kinabaki pale pale kikisubiri mengine. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi. Ilimchukua zaidi ya mwaka. Alijaribu mchanga, kikateleza. Akajaribu mkaa uliosagwa, kikashika siku mbili kikaachia, na maziwa yakatoka ya kijivu. Wafungaji pakiti walicheka wiki nzima. Akajaribu punje za ute wa mwani, zikayeyuka ndani ya maziwa kama hazikuwahi kuwepo. Hatimaye akafika kwenye unga wa maganda ya kamba wa baharini. Aliuyeyusha ndani ya siki, akaudondosha kwa sindano kwenye maji ya soda kali, na kila tone likaganda likawa punje. Kisha punje zikalowekwa kwenye ile dawa kali ambayo hospitali husafishia vifaa, maana ndiyo iliyokuwa na mikono miwili, mmoja wa kushika punje na mmoja wa kushika kimeng'enya. Halafu kuosha, kuosha, na kuosha, mpaka dawa yote iliyobaki huru imekwisha.

Jana jioni alikuwa amemimina juu ya punje hizo chupa ya mwisho ya kimeng'enya. Kaka alikuwa amesema waziwazi kwamba hatanunua nyingine. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu mvua inaingia. Sista wa wodi ya watoto, ambaye ndiye mteja pekee aliyekuwa amebaki, alitaka madebe mawili kesho asubuhi. Punje zikifanya kazi, Sista atapata maziwa yake na chumba kitabaki chumba. Zisipofanya, jokofu la mtindi litaingia kwenye kona ile, na Bi Matone atarudi kwenye mashine ya pakiti.

Alizipakia punje kwenye mrija wa kioo uliosimamishwa kwa kibano ukutani, mrija mrefu kama mkono wake. Akaweka kitambaa cha matundu chini zisitoke. Juu akatundika chupa ya maziwa yaliyokwisha kupashwa moto na kupozwa, akafungua koki nusu.

Maziwa yalishuka, yakaingia kati ya punje, yakapotea. Kaka alisimama na futi yake mkononi. Chini ya mrija pakaonekana tone, likaning'inia, likaanguka kwenye kikombe.

"Shangazi!" Bi Matone aliita. "Shikamoo. Naomba mashine yako."

Shangazi aliingia akijipangusa mikono kwenye aproni ya plastiki. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono myekundu ya maji ya moto. "Marahaba. Mashine yangu, mashine yangu. Mimi mwenye sukari najipima mara moja, maziwa yanapimwa kutwa. Daktari akiniuliza vijiti vimekwenda wapi nitamwambia ng'ombe ni mgonjwa."

Lakini alikuwa ameshaitoa mfukoni. Ilikuwa ni ile mashine ndogo ya kupimia sukari ya damu. Maziwa ya kawaida hayakuishtua sana, kwa sababu haiijui sukari ya maziwa ikiwa nzima. Ikishakatwa, kipande kimoja ndicho kile kile kinachozunguka kwenye damu ya Shangazi, na hicho mashine inakitambua.

Bi Matone alichanganya tone la maziwa na maji, akaligusisha kijiti. Mashine ikafikiri. Kisha ikaonyesha namba kubwa kiasi kwamba Shangazi alishika kifua.

"Hii ingekuwa mimi," akasema, "mngekuwa mnachanga sanda."

Kaka alichukua kikombe akaonja. Akatazama dari. Akaonja tena.

"Umetia sukari."

"Sijatia kitu. Ikikatwa inakuwa tamu zaidi, ndiyo hali yake."

"Bi Matone, mimi si mtoto. Umetia sukari."

"Simama hapo basi, uangalie."

Akasimama. Aliangalia mpaka kikombe cha pili kikajaa, na cha tatu, na ladha ikabaki ile ile. Kisha akaikunja futi yake, ikaingia kwenye kasha kwa mlio mkali, akaitia mfukoni. Hakusema neno la sifa. Katika ukoo wao sifa zilitolewa msibani. Alisema tu, "Yatakuwa tayari kufikia kesho?"

"Yakienda hivi, ndiyo. Debe la kwanza leo jioni, la pili alfajiri."

"Basi nenda ukalale kidogo. Unanuka siki na macho yako yanatisha wateja."

Alitaka kukataa, akakosa nguvu ya kukataa. Alifunga koki ili mrija upumzike na maziwa yasichache kwa joto la mchana, akaenda stoo, akajilaza juu ya magunia matupu karibu na marobota ya pakiti. Aliwaza kwamba angeacha neno kwa Shangazi, lakini hakukumbuka neno lenyewe ni lipi. Kelele ya mashine ya pakiti ikamfuata mpaka usingizini.

Alipoamka kelele ilikuwa imekoma. Zamu ya mchana ilikuwa imekwisha, na kiwanda kilikuwa na ile harufu ya kila siku ya wakati huo, ya sakafu iliyosuguliwa na mvuke. Alikaa kidogo akikusanya akili. Shingo haikutaka kugeuka. Kisha akainuka, akapita ukumbini, akaingia chumba cha nyuma.

Meza ilikuwa inang'aa. Vikombe vilikuwa vimepinduliwa juu ya kitambaa safi kimoja baada ya kingine. Sinki lilikuwa jeupe. Na mrija wa kioo, ukiwa na punje zake zote ndani, ulikuwa umefunikwa na jasho la mvuke kwa ndani.

Aliugusa. Akaondoa mkono upesi.

Shangazi alikuwa nyuma yake, akikunja mpira wa maji. "Nimekuoshea," akasema kwa sauti ya mtu aliyeleta zawadi. "Nimeona umelala kama gogo, nikasema masikini, huyu mtoto atajiua kwa kazi. Maziwa yalikuwa yameshaanza kushikamana humo. Nimeyapitisha maji ya moto mpaka yakatoka meupe."

Bi Matone alivuta kiti akakaa.

Katika kiwanda kile hapakuwa na mtu aliyewahi kusema neno baya juu ya maji ya moto. Ndiyo dini ya mahali. Debe likirudi, maji ya moto. Koki, mipira, mabomba, ndoo, hata kijiko cha kuonjea, maji ya moto. Shangazi alikuwa amewafundisha wote, na yeye Bi Matone akiwa wa kwanza kufundishwa, angali mdogo asiyefikia sinki: chombo kilichogusa maziwa hakilali na maziwa. Kwa miaka yote hiyo hakuna debe lililotoka pale likaenda kuchachisha maziwa ya mtu. Alikuwa amemwonya Shangazi juu ya soda kali isimuunguze, na juu ya ile dawa isimwingie machoni. Maji ya moto hayakumjia akilini, kwa sababu ni kama kumwonya mtu juu ya kupumua.

"Mbona umekaa hivyo?" Shangazi akauliza.

"Hakuna kitu."

"Kuna kitu. Sema."

"Shangazi, kilichomo kwenye zile punje hakipendi moto."

Shangazi aliutazama mrija. Akamtazama mpwa wake. Akaweka mpira chini polepole, kana kwamba nao ungeweza kuvunjika.

"Lakini si nilikuona ukichemsha maji ya kuziosha?"

"Nayachemsha, halafu nayapoza."

"Ya kupoza sikuyaona." Akavuta pumzi. "Kile ulichomwagia jana. Chupa ya mwisho."

"Ndiyo."

"Nimekiua."

Bi Matone alikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira iliyochoka, haikuweza hata kusimama. Alikuwa akifikiri jambo lingine. "Maji yalikuwa ya moto kiasi gani?"

"Ya boila."

"Boila lilikuwa linawaka au limeshazimwa?"

Shangazi alifikiri. "Limeshazimwa. Nilikuoshea wewe mwisho, baada ya madebe."

"Mkono uliweza kuvumilia?"

"Mkono wangu au mkono wa mtu?"

Pamoja na yote Bi Matone akacheka, kicheko kifupi kilichotokea puani. Akainuka, akaenda chumba cha boila, akafungulia bomba lile lile, akaweka kipimajoto. Maji yalikuwa yamepoa tena kidogo tangu wakati ule, lakini aliweza kukisia. Yalikuwa ya kumuunguza mtoto. Hayakuwa ya kuchemka.

Aliijaza ndoo, akaipasha juu ya jiko mpaka joto alilolikisia. Kisha akatoa kwenye jokofu ile chupa ndogo ya maji ya kwanza ya asubuhi, ambayo ndani yake kulikuwa na kimeng'enya kilichokosa mahali pa kushika, kilichobaki huru. Akaimimina nusu kwenye kikombe, akakitumbukiza kikombe kwenye maji ya ndoo, akakaa nacho kwa muda ambao Shangazi alisema aliosha. Akapoza. Akatia maziwa, akasubiri, akapima. Namba ilikuwa ile ile ya maziwa ya kawaida. Akafanya hivyo hivyo kwa nusu ambayo haikuguswa na moto, na yenyewe ikapanda. Kwa hiyo kilichokuwa huru kilikuwa hai asubuhi, na moto ule ulikimaliza chote.

"Nieleze," Shangazi akasema. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na aproni bado imemfunga.

"Kilichokuwa huru kimekufa. Sasa nataka kuona kilichofungwa."

Akatundika chupa ya maziwa, akafungua koki nusu kama asubuhi. Tone lilipoanguka kikombeni wote wawili walilitazama. Akapima.

Namba ilikuwa ndogo. Lakini haikuwa ya maziwa ya kawaida.

Alipima tena, kwa kuwa kipimo kimoja ni kama shahidi mmoja. Namba ikawa ile ile, karibu. Akapunguza koki, maziwa yakawa yanashuka kwa kuvizia, tone, kimya, tone. Alipopima haya ya polepole namba ilikuwa imepanda. Akaipunguza zaidi. Ikapanda tena, ikakaribia ile ya asubuhi.

Shangazi alikuwa ameukamata ukingo wa aproni kwa mikono yote miwili.

Kaka aliingia kutoka ofisini, ufunguo wa gari ukining'inia kidoleni. Aliona sura zao, akasimama.

"Nini tena?"

"Ni mimi," Shangazi akaanza. "Nimeosha mrija kwa..."

"Tumeupitisha maji ya moto," Bi Matone akasema. "Sikuwa nimemwambia mtu kwamba haifai."

Kaka aliegemea mlango. Alijua maana yake, maana ndiye aliyekuwa amesikia mara nyingi kuliko wote hadithi za kimeng'enya kufa. "Kwa hiyo imekufa."

"Haijafa."

"Kwa hiyo ni nzima."

"Si nzima pia."

"Bi Matone, nimekesha na wewe mwaka mzima kwenye hii habari. Nijibu kama unavyomjibu binadamu. Imekufa au haijafa?"

"Imechoka," akasema. "Sehemu kubwa imebaki, sehemu imekwenda. Ile iliyokuwa huru ndani ya maji, moto huo huo umeiua yote, haikubaki hata ya dawa. Hii iliyofungwa imevumilia. Lakini inataka kupewa muda. Maziwa yakipita haraka, yanatoka na sukari yake. Yakipita polepole, inayakata."

"Polepole kiasi gani?"

Akamwonyesha koki. Kaka alisubiri tone. Alisubiri kiasi cha mtu kukohoa, akakohoa kweli, na tone likawa bado linaning'inia.

"Hiyo siyo kazi, hiyo ni adhabu," akasema. "Debe litajaa lini?"

"Tukiendelea mpaka jioni na nikianza mapema kesho, nitapata debe moja. La pili siwezi kwa kesho."

"Sista anataka mawili."

"Najua anachotaka."

Kaka alitazama kona aliyoipima asubuhi, akatazama mrija, akazungusha ufunguo kidoleni. Bi Matone aliona kwamba naye amechoka. Hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Mashati yake yote yalikuwa yamekatika kola mahali pamoja, pale anapojikuna akifanya hesabu.

"Unajua naweza kupeleka moja lililopita polepole na moja lililopita haraka," Kaka akasema, bila kumtazama mtu. "Kwa macho ni yale yale."

"Kwa tumbo la mtoto siyo yale yale," Shangazi akasema. "Mtoto aliyetoka kuharisha hadi macho yakaingia ndani, umpe maziwa yatakayomrudisha palepale? Ndugu yangu hakukiacha kiwanda kwa ajili hiyo."

"Nimesema naweza, sijasema nafanya. Mnanikamata kama mwizi." Akatoa simu, akampa dada yake. "Mwambie wewe. Mimi akinisikia anajua nataka kuuza."

Bi Matone alipiga. Huko upande wa pili palikuwa na watoto wanalia, si mmoja, na mlango uliokuwa ukigonga.

"Habari ya kazi, Sista."

"Kazi inatumaliza, mama. Nipe habari njema."

"Maziwa yapo, lakini kesho ni debe moja tu. La pili nitakuletea kesho kutwa. Mrija wetu umepata ajali, unafanya kazi taratibu. Sitaki kukuletea yasiyokatwa vizuri."

Sauti ya Sista ikasogea mbali, ikamwambia mtu amshike huyo asianguke, ikarudi. "Moja haiwatoshi."

"Najua."

"Ningeambiwa mapema ningeagiza ya kopo. Sasa kopo haliji mpaka wiki ijayo." Akashusha pumzi, na ilikuwa pumzi ambayo Bi Matone aliijua kwa kuwa ni kama yake mwenyewe. "Leta hilo moja. Nitawapa walio hoi zaidi, wengine wataendelea na uji. Lakini lazima lifike kabla sijafungua wodi kwa wazazi, sikiliza, si baada. Na hilo la pili likichelewa usinipigie tena, nitakuwa nimeshaagiza kwingine. Sikwambii kwa ubaya."

"Nimekuelewa, Sista. Asante."

Akamrudishia Kaka simu, akamweleza neno kwa neno. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hizo punje," akauliza, "baada ya hilo debe la pili zitakuwa bado zinachoka hivyo hivyo, au ndiyo zinakwisha?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Kaka. Zikikaa kama zilivyo leo, nitaongeza mrija mwingine na tutapata mwendo. Nikiwa na kimeng'enya. Zikiendelea kushuka, basi umepima kona yako vizuri. Nitajua nikipima kesho, na kesho kutwa."

Alitegemea Kaka angekasirika. Kaka alijikuna kola. "Ile ya chupa, iliyotumalizia pesa, ukiimimina ilikwenda na maziwa siku hiyo hiyo," akasema, kama anayezungumza na ukuta. "Hii imechemshwa na mama mzima na bado inafanya kazi."

"Haikuchemshwa," Shangazi akasema. "Ilikuwa ya uvuguvugu mkali."

"Shangazi, kwa uvuguvugu wako mtu anachuna kuku."

Shangazi alimtupia kitambaa. Kaka alikidaka, akakiweka mezani. "Jokofu la mtindi linaletwa Jumatatu," akasema. "Nitawaambia walisimamishe barabarani... hapana, waliweke ukumbini kwanza. Tutabanana. Mpaka hapo nitakuwa nimeziona hizo namba zako." Akatoka. Walimsikia akimwambia dereva awashe gari mapema kesho, kabla ya jua, na dereva akiuliza kwani kuna msiba.

Waliobaki chumbani waliendelea kutazama tone. Baada ya muda Shangazi akasema, "Mwanangu, niambie kinaoshwaje."

"Maji ya baridi yaliyochemshwa kwanza. Mengi, polepole. Halafu maji yenye chumvi kidogo, halafu baridi tena. Kisha kinalala kwenye jokofu kikiwa kimelowa."

"Baridi." Shangazi alilitafuna neno hilo kama kitu kilichoharibika. "Na vijidudu?"

"Vijidudu ndiyo shida yangu nyingine. Sijaimaliza."

"Basi hujamaliza kitu."

"Sijamaliza."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, akiwa ameridhika zaidi kuliko alivyokuwa mchana wote. Alivuta ndoo aliyoikalia karibu na mrija. "Nenda ukale. Nitalikalia hili. Likienda haraka nifanye nini?"

"Kaza koki, hivi, upande huu. Kidogo sana. Usishike kioo."

"Sitashika."

Bi Matone alikwenda ukumbini, akala mkate mkavu akiwa amesimama karibu na mashine ya pakiti. Ilikuwa imepoa na imefunikwa turubai. Aliweka mkono juu yake bila kufikiri, kama mtu anavyomgusa mnyama aliyemfahamu zamani, akauondoa. Aliporudi, Shangazi alikuwa amekaa wima, hajasogea, macho kwenye koki, na midomo ikitembea kama anayehesabu au anayesali.

Mwanga ulipoanza kupungua dirishani walinyanyua debe kwa pamoja walipime uzito kwa mikono. Halikufika nusu. Maziwa ya juu yalikuwa yameanza kupata uvuguvugu, na hilo halifai, kwa hiyo Bi Matone alifunga koki. Walilibeba debe, mmoja kila upande, wakipumzika mara mbili njiani, wakaliingiza kwenye chumba cha baridi na kulifunika. Kisha akarudi kuupitisha mrija maji ya baridi, Shangazi akimmiminia kutoka juu, taratibu, akiuliza kila mara kama hayatoshi bado.

"Hayatoshi," akamjibu.

Akaziangalia punje kwenye mwanga uliobaki. Zilikuwa na rangi ile ile ya asubuhi, na kwa macho hazikusema lolote. Aliufunga mrija juu na chini, akauzungushia kitambaa kilicholowa, akaulaza kwenye jokofu ubavuni mwa ile chupa ndogo ambayo sasa ilikuwa tupu. Zaidi ya nusu ya debe ilikuwa bado haijajazwa, na Sista alitaka lifike kabla ya wazazi.

"Kesho nikukute hapa saa ngapi?" Shangazi akauliza, akifungua aproni.

"Kabla watu wa maziwa hawajafika."

"Basi nipitie nyumbani. Gizani sioni ngazi."

Bi Matone alizima taa ya chumba, akasimama kidogo mlangoni kujikumbusha ataanza na nini, kisha akavuta mlango.